Mkono Ulioshika Sufuria

Ipagala, Dodoma

Baba yangu,

Shikamoo. Na Mama, ambaye najua amevuta mkeka karibu nawe akisubiri umsomee, shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Mikorosho mmeshaipulizia dawa, au bado mnamngoja kaka Hamisi arudi na pampu? Mimi ni mzima. Vumbi la huku linapasua midomo, na maji ya bomba yana chumvi mpaka chai inakataa sukari, lakini nimezoea. Jirani yangu mmoja anafanya kibarua cha kuvuna zabibu Makutupora. Kila akirudi huniletea kishada. Silali njaa.

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Hivi hao wafungwa unawafundisha kuchora ili iweje?" Nikapaza sauti mpaka majirani wakachungulia, bado ukasema hunisikii. Ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Kwanza, Baba, si wafungwa. Ni mahabusu ya watoto. Wamo walio chini ya miaka kumi na minane, kesi zao bado hazijaamuliwa. Kila Jumanne na Alhamisi nakaguliwa mkoba getini, naingia na vishikwambi saba. Watoto ni kumi na tisa, kwa hiyo wanapokezana. Wanaanza kwa penseli, kisha wanachora upya kwenye kioo cha kishikwambi, wanatia rangi, wanaandika maneno kwenye viputo vinavyotoka midomoni mwa watu. Ni hadithi za katuni, kama zile ulizokuwa ukizisoma gazetini kabla hujagusa habari za siasa. Wiki za mwanzo walichora pikipiki na bunduki tu, na mmoja aliniuliza kama katuni inapunguza kifungo. Siku hiyo nilikaa kituo cha basi nikiwaza kurudi nyumbani Newala.

Sasa nikueleze habari ya binti mmoja. Nitamwita Tatu, maana jina lake la kweli haliruhusiwi kutoka getini. Ana miaka kumi na mitano, ni Msandawe wa upande wa Chemba. Alikuja hapa mjini kufanya kazi za ndani. Alishtakiwa kwamba alimmwagia uji wa moto mtoto wa mwajiri wake, wa miaka miwili, kwa hasira baada ya kugombezwa. Darasani alikuwa mpole kupita kiasi. Ukimuuliza lolote atakujibu "ndiyo" au "sawa", hata pale ambapo hakuna cha kukubali. Kalamu aliishika kwa ncha za vidole, kama kitu kilichotoka jikoni sasa hivi. Niliona, nikadhani ni ugeni tu.

Nilipowaambia wachore jambo lililowatokea, Tatu alichora jiko, meza, mtoto, na msichana aliyeshika sufuria iliyoinama. Baba, nilipoiona nilijiambia, basi, amekiri. Maneno kwenye viputo sikuyaelewa, aliyaandika kwa lugha yake. Lugha ile ina vidoko, zile sauti za kudokoa kwa ulimi, na kwa kuwa hakujua herufi zake, alibuni alama: nukta yenye mkia.

Alhamisi moja kila mtu alisoma kazi yake mbele ya wenzake. Zamu ya Tatu ilipofika akasimama, akaniuliza, "Nisome kwa Kiswahili?"

Nikamwambia, "Soma ulivyoandika."

Akasoma. Wavulana wakacheka vile vidoko, nikawanyamazisha. Wakati huo mpishi alikuwa analeta chai. Alikuwa mama wa makamo, na ndiyo kwanza alikuwa na siku tatu kazini. Alisimama mlangoni mpaka Tatu akamaliza, akaitua birika sakafuni.

"Mwalimu, unaelewa anachosema huyu mtoto?"

"Hapana, mama."

"Mimi ni wa kwao. Anasema mtoto alivuta kitambaa cha meza, sufuria ikaja. Yeye akaidaka."

Nikatazama tena ile picha. Ule mkono niliodhani unamwaga, ulikuwa unazuia. Mpishi akamsemesha Tatu kwa lugha yao, na Tatu akafungua kiganja cha kulia. Kovu lilitoka kwenye kidole gumba hadi kwenye kifundo, jekundu, limejikunja. Miezi miwili nimemfundisha kushika kalamu, na sikuwahi kukitazama kiganja chake.

Nilitaka nikimbie na kishikwambi ofisini. Lakini siku ya kwanza niliwaahidi kwamba anachochora mtoto ni chake, sikionyeshi kwa mtu bila ruhusa yake. Nikamwomba.

"Hapana," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikataa kitu.

"Kwa nini?"

"Niliwaambia polisi zamani. Wakaandika. Nikaweka dole gumba. Nikisema tena watasema mwongo."

Sikumlazimisha. Siku nne zile hadi Jumanne, Baba, sikujua kama nafanya haki au nafanya ujinga. Nilimwomba Mungu, nikapika, nikashindwa kula. Jumanne nikamkuta amekaa na mpishi wanachambua maharage. Akanyanyuka, akaniambia, "Twende tukaonyeshe. Ila mama huyu awepo."

Afisa ustawi wa jamii, dada mmoja makini sana, alitusikiliza bila kudakia. Kisha akafungua jalada. "Maelezo yake yameandikwa hapa, 'nilimmwagia mtoto uji.' Na mimi mwenyewe nilipomuuliza alinijibu hivyo hivyo."

Mpishi akamgeukia Tatu, wakazungumza, akatikisa kichwa. "Alitaka kusema uji ulimmwagikia. Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Hajui kama kuna tofauti."

Afisa akachukua kalamu, akalipigia mstari lile neno. Baba, wewe na mimi nasi Kiswahili tulikikuta shuleni, tunajua jinsi kipande kidogo cha neno kinavyoweza kukupotea ukiwa na hofu.

Katuni haikupelekwa mahakamani. Afisa alisema wazi kwamba picha si ushahidi. Ila iliwafanya watu waulize upya. Alitafutwa mkalimani, maelezo yakachukuliwa tena, daktari akakiangalia kile kiganja. Likapatikana pia jambo ambalo hakuna aliyemuuliza: alimbeba mtoto mgongoni mpaka zahanati, peku, na muuguzi alimkumbuka. Hakimu akasikiliza, na baada ya wiki tatu shauri likaondolewa.

Mama wa mtoto alikuwepo siku hiyo. Mtoto anaendelea vizuri, ingawa kifuani atabaki na alama. Yule mama hakuomba radhi wala hakumsalimia Tatu, na mimi simhukumu, ameuguza. Lakini nje, bibi yake Tatu, aliyetoka Chemba kuja kumchukua, alipokuwa anamfunga mjukuu kitenge kiunoni, yule mama alikuja na mfuko, akauweka miguuni pao, akaondoka. Zilikuwa nguo za Tatu zilizobaki kule nyumbani. Zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa moja moja.

Basi Baba, mkataba wangu umeisha mwezi huu na wameniomba mwaka mwingine. Najua uliniwekea akilini ile nafasi ya shule ya kata hapo nyumbani. Nimekubali kubaki. Naomba usinikasirikie, na naomba dua yako.

Msalimie bibi, na shangazi wa kule bondeni, na wifi yangu aliyejifungua. Mwambie kitambaa cha mtoto nimeshakinunua. Kaka Hamisi mwambie pampu ya watu irudishwe.

Nina ombi moja zaidi. Tangu Tatu aondoke, wenzake wamekataa viputo vya Kiswahili kitupu. Wagogo wanaandika Kigogo, yuko Mrangi anaandika Kirangi, wanasomeana na kutafsiriana kwa makelele. Juzi wakaniuliza, "Na wewe mwalimu, kwenu mnasemaje?" Nikachora bibi akituita watoto tukaoge jioni. Kiputo kikabaki kitupu, kwa sababu Kimakonde nakisema tu, sijawahi kukiandika hata siku moja. Watoto wananisubiri. Mkalishe bibi, mwambie aite kama alivyokuwa anatuita, na wewe uniandikie neno kwa neno.

Ni mimi binti yako,
Zainabu