Jina Langu Chini ya Ripoti

Dada yangu,

Sisi hatujambo, paka amezalia tena kwenye kabati la vitabu. Mwandiko nivumilie, naandika harakaharaka.

Jarida la utafiti lilinipa makala ya dawa ya kifafa niikague, jina la mwandishi likiwa limefichwa. Niliandika bila kupepesa macho: watoto waliozidiwa baada ya kuinywa wamefutwa kwenye majedwali. Leo jarida limeweka yote wazi mtandaoni, ripoti yangu na majina yetu. Mwandishi ni mumeo.

Amenipigia mara tisa, sithubutu kupokea. Barua nampa fundi wako wa nguo, maana simu yako hupokea mumeo.

Shemeji akija juu, anigombeze mimi. Lakini ile chupa anayomletea mtoto kutoka maabara, dada, usimpe tena.

Mdogo wako