Ukuta Umekauka, Shangazi

Xiaobei,
Guangzhou, China.
3 Mei 2009

Mpendwa Shangazi Felisia,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na baridi ya Mbinga haijaanza kukusumbua. Mimi ni mzima, na leo nina furaha hata kuandika taratibu kunanishinda.

Kazi ya ukarani inaendelea. Naandika orodha za mizigo katika ofisi ya kusafirisha makontena, na tangu Krismasi bosi hajaniona na kosa.

Sikukueleza mapema kwa sababu sikutaka ukose usingizi: nusura nirudishwe nyumbani. Mwaka huu polisi wanakagua pasipoti zetu barabarani karibu kila siku. Visa yangu ilikuwa inaisha tarehe ishirini na tano Aprili, na haiongezwi bila hati ya makazi ambayo mwenye nyumba huifuata nawe kituo cha polisi. Wangu, Bi Liang, alikataa. Alikuta ukuta wa nyuma ya kitanda umeota ukungu mweusi kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua, akapiga kelele, "Bu xing! Bu xing!", yaani haiwezekani. Akanipa wiki moja: ukuta uwe safi, ama nihame.

Nilisugua, Shangazi. Nilifunga kitambaa puani nikasugua kwa klorini mpaka kucha zikauma. Kisha nikafanya ulivyonifundisha: alfajiri madirisha yote wazi, nyumba ipate hewa. Kufika jioni ukuta ulikuwa unachuruzika maji na sakafu inateleza. Nikasugua tena, nikafungua tena. Siku ya tatu ukungu ukarudi. Mwavita, Mkongo wa Bukavu ninayeishi naye, akanicheka: "Ma chérie, huu ukuta unakunywa kushinda mjomba wangu!"

Siku ya nne polisi waliingia kwenye uchochoro wetu. Nikafunga madirisha yote, nikavuta mapazia, sikwenda kazini, nikakaa kitandani kutwa nzima na rozari mkononi. Wakakagua jengo la jirani, wakaondoka. Niliposhusha miguu jioni, sakafu ilikuwa kavu. Kavu, Shangazi!

Hapo ndipo nilipoelewa. Miezi hii upepo wa kusini unatoka baharini umejaa unyevu, na ukigusa kuta ambazo bado zina ubaridi wa miezi iliyopita, unageuka matone. Kufungua dirisha ni kuyaita maji ndani. Unisamehe, kanuni yako ni ya Mbinga, hapa nimeivunja. Nikaziba nyufa za madirisha kwa utepe wa kufungia maboksi, nikaweka mkaa chini ya kitanda unyonye unyevu, nikasugua mara ya mwisho.

Ijumaa Bi Liang akaja. Akapitisha kiganja ukutani, akakitazama, akakinusa.

"Nani amekufundisha kufunga madirisha?" akaniuliza.

"Polisi," nikamjibu kwa Kichina changu cha kuokoteza.

Alicheka mpaka akashika mlango. Mwavita naye akadakia, "Woga wake umetusafishia nyumba!" Asubuhi ileile Bi Liang alinishika mkono tukaenda kituoni, na hati ikagongwa muhuri. Visa imeongezwa mwaka mzima.

Jana, nje ya stesheni ya treni, polisi alinisimamisha. Zamani ningebadilisha njia nilipomwona tu. Safari hii nilimkabidhi pasipoti na hati, nikasimama wima. Akasoma, akanirudishia, akanipa ishara nipite. Nikapita, Shangazi, katikati kabisa ya njia, wala sikuongeza mwendo.

Nisalimie Baba na Mama, binamu Ernest na wanawe, na mdogo wangu Joyness. Mwambie nguo yake ya Kipaimara nimeshaipata kwenye soko la nguo la Shahe. Mungu akutunze, akujalie afya na kahawa nyingi msimu huu.

Ni mimi mwanao, nikupendaye siku zote,

Sesilia