Meza ya Miguu Mitatu na Mto wa Zaina

Kisarawe, Jumamosi. Novemba 1953.

Mawingu yamekaa juu ya Pugu tangu alfajiri kama wazee wa baraza: yamejaa, yananguruma, hayaamui. Jua halipo, mvua haipo. Kwa kulenga shabaha siku ya namna hii ni nzuri, hakuna mng'ao wa kusumbua jicho. Kwa mtu anayekaa peke yake si nzuri hata kidogo.

Nimekula kiporo cha muhogo. Sasa naandika, maana leo nina habari na sina wa kumpa.

Jumatatu Bwana Nyama anakuja kutoka Dar es Salaam. Ndivyo tunavyomwita mzungu wa idara ya wanyama, naye huitika bila kuuliza ni nyama ipi. Mimi ni askari wake. Kazi yangu ni kuwapiga nguruwe pori wanaofukua muhogo wa watu, kwa bunduki ya Serikali. Salamu zake zimenifikia kwa mdomo wa karani wa boma: amesikia Mwinshehe siku hizi anakosa. Atanilengesha mbele yake. Nikikosa, bunduki atapewa mwingine mwenye macho mapya.

Aliyoyasikia ni ya kweli. Tangu masika nawakosa nguruwe wa shamba la Bi Tatu, jirani yangu, mpaka nadhani wamenizoea. Juzi mmoja alisikia mlio, akainua kichwa, akanitazama kama mtu aliyekatizwa chakula na mgeni asiye na adabu, akaendelea kula.

Mtaa mzima umekubaliana kuwa ni macho. Mimi mwenyewe nilishaanza kukubaliana nao. Mtu akiambiwa na watu wengi kuwa haoni, hufika mahali akaanza kupapasa.

Niseme kweli, maana hapa hakuna wa kunicheka. Siogopi kukosa mshahara. Nina mihogo, nina minazi, na tumbo langu limeshazoea kuambiwa subiri. Ninachoogopa ni mlango. Tangu Zaina, mke wangu, alipofariki, hakuna mtu anayekuja hapa kunijulia hali. Wanakuja kusema nguruwe wameingia shambani. Hodi zote za nyumba hii ni hodi za nguruwe.

Bunduki ikiondoka, mlango utanyamaza.

Kwa hiyo nilitaka kujua jambo moja kabla ya Jumatatu: anayekosa ni mimi au ni bunduki? Jeshini, wakati wa vita, niliona jinsi wanavyoamua kesi hiyo. Bunduki inalazwa juu ya meza nzito, chini yake mifuko ya mchanga, mtu anakaa nyuma anafyatua taratibu bila kuibeba. Mkono ukitetemeka hauna nafasi ya kuharibu. Kosa litakalobaki lina mwenyewe.

Tabu ni meza. Nilianza na kitanda cha kamba: kilinesa. Nikajaribu meza ya chai ya Zaina: nilikohoa tu, shabaha ikahama kutoka kichuguu ikaenda kwenye choo cha jirani. Hapo nikajua natakiwa kujenga.

Alhamisi nikapanda baiskeli mpaka Maili Moja kwa Maganga. Huyu ni Mnyamwezi, seremala, na kwa kuwa mimi ni Mzaramo sisi ni watani. Nyuma ya kibanda chake ana mbao nene za mkongo, mti mgumu unaovunja meno ya msumeno na moyo wa fundi. Nikamweleza ninachotaka: ubao wa kukalia, na ubao mmoja mzito wenye miguu mitatu.

"Mitatu?" Akaita mpaka majirani. "Jamani, njooni mwone Mzaramo! Mguu wa nne wa meza ameuuza akachangie ngoma!"

"Wewe Mnyamwezi, mizigo ya Waarabu imekutoa upara mpaka akili imeingia baridi. Mafiga ni mangapi?"

Akajikuna upara. Mafiga ni matatu, na hakuna mtu aliyewahi kuona chungu kikicheza juu yake. Miguu minne hutaka sakafu. Uwanja wangu una mashimo ya kuku. Miguu mitatu hukanyaga popote, yote mitatu, wala haihitaji kijiwe chini.

Tukakata ndimi za mbao, tukatoboa matundu ya kuzipokea, tukapigilia kabari bila msumari hata mmoja, maana msumari hulegea na kabari huzidi kukaza. Miguu tuliipanua nje kama mtu anayezuia mlango. Nilipotaka kuondoka, Maganga alinivua kofia yangu ya viua, ya kutariziwa kwa mkono, akaivaa, akasema mbao za mtani hazilipiwi, ila mtani hawezi kutoka kwa mwenzake na kichwa kilichofunikwa. Sheria hiyo nadhani aliitunga palepale. Nilirudi Kisarawe kichwa wazi, nimeipakia baiskeli meza na ubao kama punda wa maarusi.

Njiani nilicheka peke yangu. Kisha nikaona kuwa nacheka peke yangu.

Jana nikaiunganisha meza na ubao wa kukalia, na hapo nikafanya ujinga wangu. Nilikumbuka madawati ya shule ya misheni kule Maneromango, kiti na meza vimeshikana, nikaona ndiyo maarifa. Nikakaa, nikalenga bila risasi. Ncha ya mtutu ikawa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Nikadhani ni upepo. Kumbe ni pumzi yangu, inapita kwenye kiti, inaingia kwenye meza, inafika kwenye bunduki. Dawati lile limetengenezwa kwa ajili ya mtoto kusinzia, halikutengenezwa kwa shabaha. Nikachukua msumeno nikavitenganisha: meza peke yake, benchi la kukalia peke yake.

Meza hutulia ikiachwa peke yake. Binadamu sijui.

Leo asubuhi ikabaki mifuko ya mchanga. Wa nyuma, wa kuegemeza kitako cha bunduki, niliushona kwa mkono wa kanzu iliyochoka. Wa mbele unatakiwa kuwa mkubwa na mgumu, ubebe sehemu ya mbao ya bunduki na usiguse mtutu. Nilitafuta gunia, panya walinitangulia. Ndani ya nyumba nina mito miwili ya sufi. Mmoja nalalia. Mwingine haujalaliwa tangu matanga.

Nilikaa kitako kizingitini muda mrefu nikiutazama. Foronya yake Zaina aliitarizi mwenyewe, ndege wawili wanaokusudiwa kuwa njiwa. Mimi siku zote niliwaita kanga, naye siku zote aliudhika. Mwisho nikaifumua pembeni, nikaitoa sufi nikaitia kikapuni, nikajaza mchanga. Upepo mdogo ukapita ukaichota sufi kutoka kikapuni ukaitawanya uwanja mzima. Sikuifuata. Nilikuwa na kazi.

Nikachora duara la masizi kwenye kipande cha ubao, nikakiegemeza kwenye kichuguu. Nikakaa. Meza ilikuwa imetulia kama kaburi. Nikavuta pumzi, nikaitoa nusu, nikafyatua. Tena. Na tena, mpaka katika risasi nilizoruhusiwa kujaribia ikabaki moja.

Nilipofika kwenye ubao niliinama kutazama. Hakuna hata risasi moja iliyogusa duara. Zote zimepita kushoto. Lakini zote zimelala mahali pamoja, zimebanana, ningeweza kuzifunika kwa kifuniko cha birika. Macho yaliyokwisha hayawezi kupiga hivyo. Mkono uliochoka hauwezi. Ni bunduki! Kile kidole cha chuma cha kulengea kwenye ncha ya mtutu kimesogea. Nikakumbuka masika, nilipoanguka na baiskeli kwenye tope la Mzenga: nilikagua goti, nikakagua baiskeli, nikafuta bunduki matope nikaona imepona.

Nilisimama pale kwenye kichuguu nikicheka kama mwehu. Na nikageuka kumwita mtu.

Mtu akatokea, lakini alikuwa Bi Tatu, na panga mkononi. Alisikia milio, akadhani leo nguruwe amepatikana. Yeye na Zaina walipendana kama ndugu, ndiyo maana huniita shemeji hata akiwa amekasirika, na hukasirika mara nyingi.

"Yuko wapi mnyama?"

"Hakuna mnyama. Tazama hapa."

Akatazama ubao. Akatazama duara safi lisilo na tundu. Akanitazama mimi na meno yangu nje.

"Shemeji," akasema, "umeketi kwenye kiti, umeegemea meza, umeegemea mifuko, ubao haukimbii wala haukuoni, bado umekosa zote. Na unacheka?"

Nikamweleza. Nikasema kilicho muhimu si zilipopiga, ni kuwa zimepiga pamoja. Akasema hata nguruwe wake huja pamoja, na hajawahi kufurahi. Alicheka mpaka akaegemea meza yangu, na nasema kwa fahari kuwa meza haikutikisika.

Zaina angeelewa. Si kwamba alijua bunduki. Angeniangalia usoni, angejua ni habari njema, na ya ubao angeuliza baadaye.

Kisha Bi Tatu akaweka mkono juu ya mfuko wa mbele, akaona wale ndege. Kicheko kikakatika katikati. Akaweka panga chini, akainama, akaanza kuokota sufi moja moja kwenye majani, kwenye miiba ya uzio, penye kuku. Akaitia kwenye kile kikapu mpaka kikajaa, akajitwika.

"Mto huu nitaushona upya," akasema. "Nitauleta kesho. Mtu hawezi kulala nyumba yenye mto mmoja."

Akaondoka. Panga amelisahau.

Nikarudi kwenye bunduki. Sheria yake ni ya ajabu: risasi zikienda kushoto, kidole cha mbele unakisukuma kushoto zaidi, kama mtu anayeongeza kosa makusudi. Nilikigonga taratibu kwa kipande cha shaba, nikakaa, nikafyatua ile iliyobaki. Masizi katikati ya duara yakawa na jicho jeupe. Hakuna aliyeona isipokuwa jogoo, naye hana heshima kwa mtu.

Jumatatu siogopi tena. Bwana Nyama aje na miwani yake. Bunduki itabaki, na hodi za nguruwe zitaendelea.

Nimekaa kwenye benchi sasa, na mawingu bado yanajadiliana. Ubao wa kukalia sikuupunguza. Maganga aliukata mrefu kuliko makalio ya mtu mmoja, na sikuwa na moyo wa kuutia msumeno tena. Panga la Bi Tatu liko upande wa pili, limechukua nafasi yake kama mgeni.

Nalitazama na kujiuliza. Kesho mlango ukigongwa, na si habari ya nguruwe, nitaitika vipi? Nimeshasahau mtu husema nini.