Kwa Kaori, Uliyeketi Kwenye Mkeka Wangu

Mpendwa Kaori,

Nimeianza barua hii mara kadhaa na kila mara nimekwama kwenye salamu. Unajua kwa nini. Mimi naikaribia arobaini, wewe hata ishirini na tano hujafika, na lile shauri letu la nani amwamkie nani hatujalimaliza mpaka leo. Basi salamu naiweka pembeni kwanza, nitairudia.

Leo sina kazi. Nimekaa jikoni hapa Savage, Marekani, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto na chumvi. Theluji ya nje imeshageuka rangi ya maji ya kudekia. Nimechoka, Kaori, na siyo ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Tangu mama azikwe naenda kazini kwenye nyumba ya wazee kule Inver Grove Heights, nawageuza wazee wa watu vitandani, nawalisha, nawafuta midomo, narudi. Ujumbe wako upo kwenye simu muda wote huu: "Samahani kama nilikosea kukaa kwenye nafasi yako msibani. Ndugu zako wengine hawakufurahi." Nausoma kila siku. Sikujibu kwa sababu kila nikitaka kujibu nalia, na mapumziko ya kazini hayatoshi kulia, kunawa uso na kunywa chai. Lakini mwisho wa mwezi unaondoka Kongwa kurudi kwenu Japani, na sitaki upande ndege ukidhani ulinikosea.

Unakumbuka nilivyoingia kwenye klabu yenu ya Wajapani pale chuoni? Wala sikuwa natafuta klabu, nilikuwa natafuta joto. Darasa langu la uzamili lilikuwa linaisha mapema, na Wambui, yule dada wa Kikenya aliyekuwa ananipa lifti, alikuwa anachelewa kutoka kazini. Nikapita kwenye korido nikasikia harufu ya chai. Mlango wazi, ndani vijana wa Kijapani wamekaa chini wanacheka. Ukainuka wewe, ukaniwekea ndala mbele ya miguu. Sasa mtu akishakuwekea ndala utakataaje? Nikavua viatu vyangu vya theluji, nikaingia, nikaandika jina mahali mliponionyesha. Nilidhani naandikia chai, kumbe nimejiunga.

Jumatano iliyofuata ndiyo mkanifungua macho. Kwenu mkubwa ni aliyetangulia kuingia klabuni, umri hauhesabiki. Kwa hiyo mimi, mwalimu wa sekondari wa miaka kumi, mwanamke niliyeacha watu Mpwapwa wananiita mama, nilikuwa mdogo kuliko wote. Kazi yangu kupanga viatu mlangoni. Na mkubwa wangu, wa kunielekeza na kunisimamia, ni wewe, mtoto wa miaka ishirini mwenye begi lenye picha ya paka.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Halafu nikapanga viatu.

Wambui hakunielewa hata kidogo. Alikuwa anapiga simu akiwa nje: "Aki wewe, toka bana, nime-park mahali mbaya na nitapewa ticket. Hao Wajapani wanakupea nini huko ndani?" Nitamwambiaje kwamba mle ndani hakuna mtu anayejimiminia chai mwenyewe, kwamba kikombe changu kikipungua kuna mtu ameshakiona? Siku nzima kazini mimi ndiye niliyekuwa namimina vya watu. Na mlipoagana mlikuwa mnaambiana neno ambalo mlipolieleza nikalitambua papo hapo. Ni pole na kazi yetu ile ile. Katika mji ule, wewe ndiye uliyekuwa unanipa pole na kazi.

Kiswahili ulikitaka mwenyewe, kwa sababu ulikuwa umeomba kwenda kujitolea Tanzania. Nikakufundisha shikamoo kwanza, kama inavyopasa. Ukaishika, ukafikiri, ukauliza, "Lakini mimi ni mkubwa wako. Si wewe ndiye wa kuniamkia?" Tukabishana hadi kwenye maegesho, pua zinaganda kwa baridi. Nikakuapia kwamba shikamoo yangu hutaipata hata dunia ipinduke. Tukaafikiana: ndani ya klabu nitakutangulia mimi kwa salamu ya Kijapani, nje utanitangulia wewe kwa shikamoo. Ulikuwa unasubiri mpaka nivuke kizingiti, ndipo unaitamka.

Halafu ikaja ile siku ya wali.

Mlikuwa na maonyesho ya majira ya kuchipua pale uwanjani, na mimi mkanikabidhi wali wa matonge, yale ya pembe tatu mnayofunga kwa mwani. Mkaniletea na mchele. Nilipoufungua nikauona mfupi mfupi, nikadhani mmeuziwa chenga. Nikawaonea huruma, watoto wa watu hawana mama karibu. Nikaenda kununua basmati nzuri, nikapika kama ninavyojua kupika: tui la kopo, mafuta, chumvi, moto mdogo juu na chini. Wali ukachambuka, punje haigusi punje. Mama yangu angeniombea dua kwa wali ule.

Nikauleta kifua mbele. Mkashika tonge la kwanza, likamwagika. La pili likamwagika. Watu wameshapanga mstari. Kenji, mwenyekiti wenu, akasimama mbele ya sufuria, na uso wake ulikuwa mbaya kuliko matusi. Mimi maisha yangu yote nimefundishwa kwamba wali ukishikamana ni aibu ya mpishi, na pale nilikuwa nimeaibika kwa sababu haukushikamana. Nikatamani kukimbilia kwenye gari la Wambui.

Wewe ukasogea mbele yangu. Ukainama mbele ya Kenji, mgongo ukanyooka kama meza, na ukakaa hivyo hivyo. Nilimwomba mwenzako anitafsirie ulichosema: "Mdogo wangu amekosea. Naomba mnisamehe mimi." Nikakuvuta sweta, nikakuambia acha, kosa ni langu. Ukanijibu bila kuinuka, "Viatu unapanga wewe. Hii ni kazi yangu."

Wali tukaugawa kwenye vikombe vya karatasi, na ukaisha. Kenji mwenyewe alirudia, tena kwa siri.

Ulipofika Tanzania wakakupanga Kongwa kufundisha hesabu, nikakutuma kwa mama, karibu tu pale Mpwapwa. Akawa ananipigia: "Mwenzio amekuja tena, anamaliza ugali kuliko wewe. Na chai hataki nijimiminie. Nikishika birika ananinyang'anya." Mama alikuwa anacheka, na mimi nikawa nafurahi na kuona wivu kwa pamoja. Wewe ulikuwa nyumbani kwangu. Mimi nilikuwa huku nafuta midomo ya mama za watu.

Alipofariki, karatasi zangu za kukaa zilikuwa bado zinashughulikiwa. Kutoka ningetoka, kurudi nisingerudi. Sikwenda kumzika mama yangu, Kaori. Nimeandika sentensi hiyo na beseni limeshapoa.

Mama mdogo ndiye aliyenisimulia kwa simu. "Huyu binti wa Kijapani tunamwambia akapumzike ndani kwenye kochi, hataki. Ameketi mkekani na sisi tangu jana, ameosha masufuria yote. Anasema yeye ndiye mkubwa wako, kwa hiyo anakaa mahali pako. Ninyi huko Marekani mnafundishana nini?" Akaniambia pia kwamba kaburini, watoto walipoitwa kuweka udongo, jina langu lilitajwa na hakuna aliyetoka. Ndipo ukatoka wewe, na khanga uliyoifunga vibaya, ukainama mbele ya wajomba, mgongo kama meza, ukasema kwa Kiswahili nilichokufundisha: "Mdogo wangu ameshindwa kufika. Naomba mnisamehe mimi." Ukachota udongo, ukauweka.

Wajomba wawili walinung'unika, ni kweli. Mgeni, tena mtoto, atajiitaje mkubwa wa mtu mzima? Waache. Hawakuwahi kupanga viatu vya mtu.

Mimi ndiye niliyekosa, na siyo kosa la wali. Nilijua hakuna wa kunisimamia mbele ya watu wale. Wazee wangu wote walikuwa upande wa kusamehe au kutokusamehe. Mtu wa kusimama upande wangu na kuinama alikuwa mmoja tu, na hukusubiri nikuombe. Hukukaa kwenye nafasi yangu, dada. Uliishika isibaki wazi, na mama yangu hakuzikwa na pengo.

Usiniombe samahani tena. Kabla hujaondoka pita Mpwapwa umwage maji kwenye maua ya kaburini, kisha umwambie mama mdogo akumiminie chai. Umeshamimina vya kutosha. Nakutakia safari njema na pole na kazi, kwa lugha zote mbili.

Sasa ile salamu. Nilikuapia kwamba hutaipata hata dunia ipinduke. Haya, imepinduka, na hapa nilipo niko nje ya klabu, wala hakuna sheria inayonilazimisha.

Shikamoo, dada.

Mdogo wako