Jina la Mauwa

Mjukuu wangu Salma,

Huku Barking hatujambo. Mama yako mdogo kajifungua salama.

Umeniuliza kama namjua yule mwanasiasa wa Marekani mnayemsoma shuleni, aliyezaliwa mtumwa akaja kuwa balozi. Namjua tangu ujana wangu, nilipokuwa nasoma Kiingereza hapa Landani. Mwalimu alitueleza kuwa mtu huyo alisimama mbele ya umati katika mji huu huu, akasimulia utumwa wake waziwazi. Kwetu Unguja jambo hilo lilinong'onwa tu.

Nikajikuta nimesimama. "Bibi yangu naye alizaliwa mtumwa."

"Akiitwa nani?" mwalimu akauliza kwa upole.

"Mauwa."

Darasa zima likalitamka, taratibu, kama dua. Mwili ulinisisimka, mwanangu, na hata leo nikiandika unanisisimka.

Bibi yako, Barking