Namba Iliyochelewa

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa hisabati ameikubali mada yangu: wachezaji wa bahati nasibu wanavyofikiri. Niwahoji wanaume ishirini na wanawake ishirini pale kwenye kibanda cha tiketi, mkabala na karakana ya baba. Mimi, ninayenong'ona hata nikiitwa jina darasani! Nimepanga matokeo ya miezi sita kwenye jedwali. Nataka kuonyesha kwamba namba hazina kumbukumbu.

Jumatano, 5 Machi
Nimemaliza wote arobaini. Wanaume kumi na sita wanaamini namba isiyotoka muda mrefu iko karibu kutoka. Wanawake ni watano tu. Lakini wanawake kumi na watano hawabadilishi namba zao ng'o — eti ukiiacha namba yako wiki moja, ndiyo wiki itakayotoka.
Kinyozi: "Binti, kila namba ina zamu yake." Muuza mitumba aliniomba nimshikie tiketi, eti mikono ya mwanafunzi haijachafuka.
Nyumbani baba aliwacheka akina mama. Eti sisi wanaume tunapiga hesabu, wao wanabahatisha. Mama akaendelea kukunja nguo. Anacheza tarehe zetu za kuzaliwa, pamoja na tisa, tarehe ya kaka yangu aliyefariki. Mwaka jana nilimwambia aipumzishe. Siku mbili hakuniongelesha.

Ijumaa, 7 Machi
Daftari halikuwa mkobani. Nimelikuta karakanani, juu ya friji mbovu, wanaume watano wamelizunguka. Baba anawasomea jedwali langu.
"Thelathini na moja haijatoka tangu Novemba."
"Fundi, umezaa profesa," kinyozi akasema.
Baba akanishika bega. Sikumbuki mara ya mwisho. Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba jedwali halisemi hivyo. Wakacheka. Eti msomi haoni alichokiandika mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi
Bahasha ya ada yangu ya mtihani iko kabatini. Tupu. Mwisho wa kulipa ni Alhamisi.
Baba hakuficha. "Nimeiazima tu, mwanangu. Hesabu si ni zako?"
Mama: "Mimi angalau nacheza kwa jasho langu la kufulia watu."
Droo ya bahati nasibu ya jioni, redioni. Mpira wa kwanza: thelathini na moja.
Baba aliinuka hadi kiti kikaanguka. Namba zake nyingine tano hazikutoka hata moja, wala hakujali. Nilimwandikia kwenye karatasi: mipira arobaini na tisa, inatoka sita, kwa hiyo namba yoyote ina karibu nafasi moja kati ya nane. Kila droo. Iwe imechelewa au haikuchelewa. Aliikunja, akaitia mfukoni bila kuisoma.

Jumatatu, 10 Machi
Kazi yangu imerudi: alama tisini na mbili. Mwalimu ameuliza pembeni kwa wino mwekundu: kosa la nani ni kubwa zaidi, la wanaume au la wanawake? Sijui. La mama linakula pesa kidogo kidogo, kimya. La baba limejipa jina la hesabu, tena kwa mwandiko wangu.
Karani wa shule kabandika orodha ya waliolipa. Nimeisoma mara mbili, kana kwamba jina langu lingechelewa kufika.

Jumanne, 11 Machi
Mama kachukua malipo ya mwezi mapema huko anakofua. Ni nusu ya ada. Shule haipokei nusu.
Baba anasema droo ya kesho itajaza iliyobaki. Nilimsubiri mama amfokee.
"Ile yako si ilitoka?" akamuuliza badala yake. Kisha akanigeukia. "Basi nami nifuate hesabu. Zangu hazijanipa kitu miaka yote hii. Hata tisa naiacha. Nitajie zilizochelewa, mwanangu."
Ndicho nilichomwomba mwaka jana. Nilipaswa kufurahi.
Nimewaambia namalizia kuandika kwanza. Wako mezani, baba ameshika kalamu, mama hamtazami. Niseme hakuna namba inayochelewa, watacheka tena, na pesa zitakwenda vilevile. Hilo nalijua. Ninachoona aibu kukiandika ni kingine: naogopa ile tisa ikiachwa. Je, ikitoka kesho? Nimewahoji watu arobaini, najua nafasi yake ni ileile, moja kati ya nane — na bado nataka kumwambia mama, tafadhali, iache iwepo.
Baba ananiita. Mama anamwambia, "Tusimharakishe, bado anapiga hesabu."