Gauni la Buluu Mbele ya Mawingu ya Gaspari

Jumapili baada ya misa. Manyunyu tangu asubuhi, ziwa halionekani.

Nisamehe, daftari langu, nimekuacha siku nyingi. Tangu Odeta aanze kuota meno sijakufungua. Sasa amelala kifuani, naandika kwa mkono mmoja, na bado kila mara nainuka kuchungulia mlangoni. Sijui namngoja nani.

Jambo lenyewe ni hili. Baba Odeta, aliye Bukavu kwenye kazi ya malori, ameleta neno: kama ushonaji haulipi, msimu wa viazi ukifika nihamie kwa mama yake, kijijini Bugeshi, nikalime. Si mwanaume mbaya. Anadhani ananipumzisha.

Mimi sitaki kwenda.

Bibi Zuhura, mwenye duka la vitambaa ambaye nashonea barazani kwake, alinipa njia. Nishone gauni moja la sherehe, nipigwe picha nimelivaa, aitundike mlangoni wateja waone. Mpiga picha ni Gaspari. Zamani alichora malaika makanisani, na hata kwa kamera bado anawatafuta. Amechora shuka kubwa ambalo anayepigwa picha husimama mbele yake: mawingu chini, ziwa juu, na ngazi isiyofika popote. Alinipandisha juu ya kigoda, gauni likakifunika.

“Malaika hana miguu, mama Odeta. Watu wakiona miguu, watauliza bei ya viatu.”

Gauni lile la kwanza lilikuwa jekundu. Nililishona kwa moyo wote. Picha ikatoka, jekundu limekuwa jeusi kama chungu cha maharage. Bibi Zuhura aliitazama, akanitazama na mimi.

“We mwana we! Hii ya harusi au ya matanga? Nikiitundika, watu wataingia kunipa pole.”

Nilicheka naye. Nyumbani nililia.

Gaspari hakuona haya hata kidogo. “Eh, hii mashine haionaka nyekundu. Kwake ni makaa tu. Leta buluu ya kupauka, utaona.”

“Na kwa nini hukuniambia?”

“Mi niliangalia na macho ya muchoraji, mama. Nilisahau mashine.”

Bon, haya. Nikashusha pazia langu la buluu, nikalikata na kulishona gauni. Yeye akayapaka mawingu yake masizi, gauni lipate kuonekana. Jana tukarudia. Odeta nilimkalisha nyuma ya shuka na kijiko cha kuchezea. Gaspari akafungua jicho la kamera, akaanza kuhesabu polepole, mimi nimezuia pumzi. Mara nikasikia shuka linavutwa. Mtoto amekamata mawingu, anayavuta kwa nguvu zake zote.

“Mutoto anaharibu mbingu!”

Nilijua filamu yake imebaki hiyo moja. Sikugeuka. “Hesabu,” nilimwambia bila kufungua midomo.

Leo nje ya kanisa amenipa picha. Mimi nimetulia kabisa, gauni linang’aa, na mawingu hayako tena kwenye shuka: yanatembea, yananipita kama moshi. Gaspari anasema kitu hicho amekitafuta kwa brashi miaka yote, na amekipata kwa mtoto asiye na meno.

Nikiri kitu. Nilimwonea wivu yule mwanamke wa pichani. Anaonekana amelala vizuri.

“Huyu nani?” Bibi Zuhura aliuliza nilipompelekea picha dukani.

“Ni mimi.”

“Muongo!” Lakini akaitundika.

Sijaondoka, wasichana wawili wa Nyakiriba, wote wachumba wa watu, wakataka gauni la mawingu. Niliwaambia ukweli: chini kuna kigoda, nyuma kuna mtoto, na nguo haitawapaisha. Wakacheka. Vipimo wameacha.

Donc, basi, kesho baba Odeta atapata jibu langu. Bugeshi tutakwenda kusalimia, kuhama hapana. Nimekwisha kuulizia chumba cha nyuma ya duka. Je, wakiishia hao wawili? Hata hivyo, neno langu ni hilo.

Vitu vya kumwomba dada Adela, huko Bukavu, avitume kwa meli: kitambaa cha buluu ya kupauka, yadi kumi na mbili. Uzi mweupe wa kutosha magauni mawili. Sindano za mashine, zile nyembamba. Dawa ya fizi. Kufuli moja imara yenye funguo mbili, ufunguo wa pili ni wa baba Odeta.